TAHADHARI: Mercedes, Range Rover na BMW za zamani kutoka yadi za mbali

Ndugu zetu wa Mombasa, Kilifi na Kwale mnaotafuta gari la kifahari la miaka ya nyuma mtandaoni, someni haya kabla hamjatuma hata shilingi moja ya arbuni. Kuna wauzaji, wengi wao wakiwa Nairobi, wenye yadi zao binafsi ambazo hazihusiani na kampuni yoyote inayowakilisha magari haya nchini. Wamekwisha kujua kwamba mnunuzi wa Pwani hawezi kuja kuliona gari mara mbili. Hatutaji yadi kwa sababu jina hubadilishwa kila soko likiharibika. Mbinu ndiyo haibadiliki.

Watu huogopa zaidi gari hewa, yaani picha zilizoibwa na muuzaji asiyekuwa na gari. Hilo lipo, lakini kulikwepa ni rahisi. Mwambie akupigie simu ya video papo hapo, atembee hadi kwenye gari, aonyeshe nambari ya chesisi chini ya kioo cha mbele, kisha ile ya kwenye nguzo ya mlango, kisha ile iliyochongwa kwenye bodi. Zote tatu zilingane. Akisema gari liko kwa fundi, au mtandao ni mbaya, mwache.

Hasara kubwa iko kwenye gari lililopo kweli, ambalo limetayarishwa lionekane zima kwa saa mbili. Unapanda treni au basi la usiku, unafika yadi asubuhi, na jioni una tikiti ya kurudi. Muuzaji anajua. Ukifika injini tayari ina moto, gari limesimama wima kwa sababu kompresa, yaani pampu ya hewa, imetoka kujaza springi zake, na dashibodi haina taa hata moja kwa sababu misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari imefutwa dakika chache kabla hujashuka kwenye teksi. Anachohitaji ni saa mbili tu za gari kutulia, na umbali wako ndio unaompa saa hizo. Kwa hiyo dai usiku mmoja. Gari lilale, na wewe, au fundi wako wa kumlipa mwenyewe, aliangalie jioni na alfajiri.

Anza na springi za hewa. Range Rover, Discovery 3, Mercedes S-Class na baadhi ya E-Class hazikai juu ya springi za chuma, zinakaa juu ya mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Mpira huzeeka na kupasuka nyufa kwenye mikunjo. Jioni chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka katikati ya kila gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, uandike vipimo vyote vinne. Funga gari, ondoka na ufunguo. Asubuhi pima tena kabla ya kufungua mlango wowote, kwa kuwa ukibonyeza ufunguo au kufungua mlango kompyuta huamka na kompresa inaweza kuanza kujaza hewa, na ushahidi ukapotea. Kushuka sentimita moja kwa baridi ya usiku si neno. Pembe moja ikishuka sentimita nne au tano, mfuko au vali yake inavuja. Na usifarijike ukikuta pembe zote nne zimeshuka sawasawa: baadhi ya Land Rover hujiamsha zenyewe usiku na kushusha pembe nyingine zilingane na ile inayovuja. Mvujo mdogo ukiachwa huua kompresa, maana inalazimika kufanya kazi bila kupumzika hadi inaungua. Ukikuta mifuko imeng'olewa ikawekwa springi za chuma, uliza taa ya onyo ilizimwaje. Mara nyingi ilizimwa kwa kuchezea waya, na si hiyo peke yake iliyochezewa.

Kisha liwashwe likiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti kwanza, na kama kuna joto, rudi kesho. Geuza ufunguo hatua moja bila kuwasha injini, utazame taa za dashibodi: ya injini, ya ABS na ya airbegi lazima zote ziwake, halafu ya airbegi na ya ABS zizime kila moja kwa wakati wake, na ya injini izime injini ikishawashwa. Taa ya airbegi isiyowaka kabisa, huenda balbu imetolewa. Ikizima sambamba na ya injini au ya oili, huenda kuna aliyeunganisha waya zao, na mara nyingi hilo ni gari lililowahi kugonga, airbegi zikafumuka zisirudishwe.

Misimbo ikifutwa, kompyuta ya injini hubaki na alama. Vile vipimo vyake vya kujikagua hurudi kwenye "havijakamilika", na huchukua siku za kuendeshwa kwa kawaida ndipo vikamilike. Hata kile kifaa kidogo cha bei rahisi kinachounganishwa na simu kinaonyesha hilo. Gari linalodaiwa kuendeshwa na mwenyewe kila siku haliwezi kuwa na vipimo karibu vyote havijakamilika, isipokuwa limefutwa au betri imetolewa. Lakini kifaa hicho husoma injini tu. Kwa gia boksi, airbegi, breki na springi unahitaji fundi mwenye mashine ya gari lenyewe: XENTRY kwa Mercedes, ISTA kwa BMW, SDD kwa Land Rover za miaka hiyo. Fundi huyo asiwe yule jirani wa yadi ambaye muuzaji anampendekeza kwa bidii. AA ya Kenya nayo hukagua magari kwa malipo. Ripoti ije kwako moja kwa moja, isipitie mkononi mwa muuzaji.

Kila gari lina ugonjwa wake. Mercedes zenye injini ya V6 aina ya M272 zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 2006, kama E350 na ML350, zina gia ya balansi shafti, ile shafti ya kutuliza mtikisiko wa injini, ambayo meno yake huliwa. Mashine ikitoa misimbo 1200 na 1208, injini inatakiwa kushushwa yote, na bei ya gari ulilopewa haina maana tena. E-Class za umbo la W211 za kabla ya katikati ya 2006 zina breki za SBC, zinazotegemea pampu ya umeme na kompyuta. Pampu yake huhesabu mara breki inapotumika, na hesabu ikifika kikomo gari hutaka pampu mpya. Kuna watu wanarudisha hesabu nyuma kwa kompyuta. Namba inakuwa changa, pampu inabaki nzee, na hizo ni breki za familia yako.

BMW za V8, injini za N62 na N63, hukauka sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isiingie kwenye silinda. Ukiwasha na kuondoka mara moja huoni kitu. Acha injini ipate moto, iache ikinguruma bila kukanyagwa kwa robo saa, kisha kanyaga mafuta mtu mwingine akiwa nyuma. Wingu la moshi wa buluu ni sili, na kazi yake ni ya siku nyingi. Muuzaji atakwambia ni mvuke wa asubuhi. Mvuke ni mweupe na hupotea. Moshi wa oili huning'inia na una harufu.

Range Rover Sport na Discovery za dizeli za V6, lita 2.7 na 3.0, zinajulikana kwa kukatika krenkishafti, yaani shafti kuu ya injini. Hapa tuseme wazi, hakuna jaribio la mchana mmoja litakalokuonyesha. Kinachosaidia ni risiti za oili zilizofuatana, zenye tarehe na kilomita. Bila risiti hizo usilichukue, hata liwe linang'aa namna gani.

Gia boksi ya ZF ya gia sita imo ndani ya BMW nyingi na Range Rover nyingi za miaka hiyo. Utaambiwa oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Oili iliyochoka gari likiwa baridi hubadilisha gia vizuri, tatizo huja likishapata moto. Ndiyo maana mzunguko wa dakika kumi karibu na yadi hautoshi. Nenda nalo hadi Limuru na kurudi: mlima wa kwenda utailazimisha gia boksi na rejeta kufanya kazi, na foleni ya kurudi mjini itakuonyesha kama gia zinagonga au zinateleza.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wa Pwani wanalisahau, nalo ndilo linalowaumiza mwezi wa kwanza. Nairobi iko juu, usiku wake una baridi. Feni iliyochoka, rejeta iliyoziba nusu, pampu ya maji inayoanza kuvuja, AC yenye gesi kidogo, vyote hivyo vinaishi Nairobi bila kelele. Lilete gari hilo kwenye foleni ya feri ya Likoni saa tisa mchana, AC ikiwa juu, watu watano ndani, na mshale wa joto utapanda. Plastiki za mfumo wa maji kwenye magari ya Ulaya zikishazeeka hupasuka ghafla, na injini ya alumini ikichemka mara moja tu inaweza kupinda silinda hedi. Kwa hiyo mkirudi kutoka Limuru, simamisha gari, AC kiwango cha mwisho, madirisha yafungwe, injini iendelee dakika ishirini. Sikiliza feni ikiingia. Halafu likishapoa kabisa, fungua tangi la maji utazame rangi: likiwa na maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti, umeshajua limetunzwaje.

Mwaga pia kikombe cha maji taratibu kwenye pembe ya mfereji wa sanrufu. Yasipotoka chini ya gari, mrija umeziba, na masika ya kwetu yatajaza kapeti na kompyuta zilizo chini yake.

Kuhusu kilomita, gari lililotoka Uingereza lilikuwa likisomwa kwa maili. Wapo wanaobadilisha dashibodi, namba ikabaki ile ile, ila sasa inaitwa kilomita. Maili 120,000 ni zaidi ya kilomita 193,000. Tafuta namba yake ya Uingereza kwenye kitabu cha sevisi au hati za kuingizia gari, kisha iangalie kwenye ukurasa wa serikali ya Uingereza wa historia ya MOT, yaani ukaguzi wa magari wa kila mwaka huko. Ni bure, na utaona usomaji wa kila ukaguzi pamoja na kasoro zilizoandikwa, ikiwemo kutu. La Japani lidai cheti cha kuuzwa nje, nacho kina kilomita.

Akikwambia atakuagizia S-Class ya 2008 moja kwa moja kutoka ng'ambo, anakudanganya. Kenya hairuhusu mnunuzi wa kawaida kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Na hapa Mombasa kuna wale wa "gari la transiti limekwama bandarini, mwenyewe wa Uganda ameshindwa". Gari la transiti halijalipiwa ushuru wa Kenya. KRA wakilikamata, linakwenda na pesa zako.

Sasa karatasi. Tafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen, ada ni Sh550, ujue mwenyewe ni nani, rangi, namba ya injini, na kama kuna zuio. Benki ikiwa imeandikwa pamoja na mwenye gari, mkopo haujaisha. Mikopo mingine haionekani kwenye logbuku, kwa hiyo tafuta pia kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, nayo iko eCitizen. Yadi ikijiita kampuni, agiza CR12, hati ya msajili wa kampuni, uone wakurugenzi. Uhamisho huanzishwa na mwenye gari kwenye akaunti yake mwenyewe, nawe unaukubali kwenye yako. "Chukua gari, transfa tutafanya baadaye" ni neno la kuondokea.

Pesa ziende akaunti ya aliyeandikwa kwenye rekodi, au kwa wakili mliyekubaliana, aziachilie uhamisho ukikamilika. Zisiende kwenye M-Pesa ya dalali, wala usilipe "ya kushikilia" kwa sababu eti kuna mteja mwingine njiani. Wala usikubali waje nalo wenyewe ukiwa umeshalipa. Hapo ndipo simu huanza: limekufa Mtito Andei, tuma ya brekdauni, tuma ya trafiki, tuma ya spea.

Kama umeshatuma, usipoteze muda kubishana naye kwenye WhatsApp. Tuma ule ujumbe wa M-Pesa wote kwenda 456 sasa hivi, kwani pesa zikishatolewa hazirudishiki kwa njia hiyo. Kama ni benki, piga simu yao ya ulaghai saa hiyo hiyo. Kisha nenda kituo cha polisi upate namba ya OB, ukiwa na tangazo, mazungumzo, namba ya chesisi, risiti na jina lililojitokeza ulipotuma pesa. Picha za mazungumzo zichukue kabla hajafuta. Dai lisilozidi Sh1,000,000 unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Lililozidi hapo, tafuta wakili mapema, gari lingali kwenye jina lile lile.