Mazabodi ya kuwekea kadi ya DSP: uliza kwanza sloti ya chini inazimwa na nini

Nlikuwa sitaki kuandika hii maana naona haya, lakini wiki iliyopita kijana mmoja wa Chake, Pemba, kanitumia voisi ya dakika sita, karibu analia, kanunua mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) mpya kabisa, kachomeka kadi yake ya UAD, ndo hiyo kadi ya DSP, ya kuchakata sauti, na kompyuta inamwambia hakuna kadi. Nkiisikiliza nkajua hapo hapo kilichomkuta, kwa sababu ndicho kilichonikuta mie mwaka jana. Basi naandika, mnicheke tu.

Mie narikodi taarab na kaswida, chumba kimoja Kikwajuni, magodoro ukutani, na feni tunaizima wakati wa kurikodi kwa hiyo tunatoka jasho sote. Kaka yangu alipokuja likizo kutoka Uingereza kaniletea UAD-2 Quad iliyotumika, kaifunga kwenye taulo ndani ya begi la nguo. Kwa asiyezijua, hizi kadi za Universal Audio zina chipu za SHARC za Analog Devices ndani yake, Solo ina moja, Duo mbili, Quad nne, Octo nane, na kazi yake ni kuendesha plagini zao (programu ndogo za kupamba sauti) humo humo kwenye kadi ili CPU yako, bongo la kompyuta, isihangaike na mariveb ya mwangwi na makompresa ya kusawazisha sauti. Yenyewe ni kadi ya PCIe (mfumo wa sloti za kuchomekea kadi kwenye mazabodi) x1, yaani njia moja tu ya data, kimdomo kidogo kama kidole. Ndo maana kila muuzaji atakwambia hii inaingia popote dada. Kweli inaingia. Kuonekana sasa.

Nlinunua mazabodi ya kawaida yenye chipseti ya B550 ya AMD (chipseti ni chipu inayounganisha vifaa na CPU), jina lake silitaji, ina sloti ndefu juu, sloti ndefu chini, na vijisloti viwili vidogo katikati. Kadi ya grafiki nliweka juu, ni nene, ikafunika kijisloti cha chini yake moja kwa moja, UAD nkaiweka sloti ndefu ya chini kabisa. Miezi miwili raha tupu. Halafu diski ikanijaa, nkanunua SSD ya M.2, ile diski ndogo inayolala bapa juu ya mazabodi, nkaitia kwenye nafasi ya pili ya M.2 kwa sababu ya kwanza ina Windows. Usiku ule sikuangalia chochote, nkalala.

Asubuhi wanakuja watu wa kurikodi. Mzee mpiga kanuni anakaa kwenye mkeka anaanza kukaza nyuzi, na kanuni mnaijua, nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kila sauti, inachukua muda wake. Nafungua seshini, plagini zote zimezima, kadi haipo. Nazima nawasha, haipo. Natoa kadi nasugua meno yake kwa raba ya mwanangu wa skuli, narudisha, haipo. Nafuta draiva naweka upya. Mzee kamaliza kukaza, kapiga maqam moja fupi, kanitazama, kasema "Bibie, mie nshakaa sawa, wewe je?" Wallahi nlitamani ardhi ipasuke.

Nkampelekea fundi, akakaa nayo siku nne akanambia kadi imekufa, na akaniambia kama sitaki mzigo yeye ataichukua kama spea. Nikakaribia kumpa! Kilichoniokoa ni kitabu cha mazabodi, ukurasa ule wa mwanzo wenye picha, kuna kinyota kidogo na maandishi ya ukubwa wa chungu: ukitumia M.2 ya pili, sloti ndefu ya chini inazimwa. Inazimwa. Si inapungua mwendo. Nkatoa SSD, kadi ikarudi kama hakuna kilichotokea.

Sababu yake si uchawi. CPU za AM4, soketi ya mazabodi hizi za AMD, zina njia 24 za PCIe, 16 zinakwenda sloti kubwa ya juu, 4 zinakwenda M.2 ya kwanza, 4 zinakwenda kwenye chipseti. Vyengine vyote, sloti za chini, M.2 ya pili, SATA (ya diski za waya), LAN (ya kebo ya mtandao), waifai, vinagawana kile kidogo cha chipseti, na B550 inatoa njia 10 tu za PCIe 3.0. Mwenye kutengeneza mazabodi anataka kukuuzia sloti nyingi kwenye picha, njia hazitoshi, kwa hiyo anaweka swichi: hii ikiwaka ile inalala. Kwa mchezaji gemu haina shida, yeye sloti ya chini haitumii maisha yake yote. Mwenye kadi ya DSP ndo anaumia, na hakuna mtu hata mmoja anayelisema hili dukani. RAM, taa za rangi, sijui heatsink, kaulizeni kwengine, huko wamejaa wa kuwajibu.

Sasa nichague nini? Mie nshakuwa mtu wa ASUS na sifichi. Namba moja kwangu ni ASUS ProArt B550-Creator. Sababu ni moja: sloti mbili ndefu za juu zote zinatoka kwenye CPU, ukichomeka vitu viwili zinagawana njia nane kwa nane, kwa hiyo kadi ya grafiki inakaa ya kwanza, UAD inakaa ya pili, Windows inakaa M.2 ya kwanza, na hakuna wa kumnyang'anya mwenzake. Kadi ya grafiki kushuka kutoka 16 hadi 8 kwa mtu anayerikodi fidla na dumbaki hata hatojua. Juu yake ina matundu mawili ya Thunderbolt 4 (ya kuunga vifaa vya kasi kwa waya), siku ukitaka intafesi ya sauti ya kisasa huna haja ya kununua kadi nyengine. Na vitabu vya ASUS hizo nyota wanaziandika mahali unapoziona. Sloti yake ya tatu inatoka kwenye chipseti kama kwengine kote, kwa hiyo ukitaka kuitumia soma kinyota chake kabla hujatia M.2 ya pili, msije mkasema sikuwaambia. Mwenye pesa zaidi na anayetaka AM5, soketi iliyofuata AM4, kuna ProArt X670E-Creator, nayo ina sloti mbili za CPU vile vile, lakini bei yake ukiisikia unakaa chini kwanza.

Ya pili ni Gigabyte B550 Vision D, ya 2020, nayo inagawa nane kwa nane, ina Thunderbolt 3. Nzuri, mweupe mweupe, rafiki yangu wa Mwanakwerekwe anayo na haijamsumbua. Ningeipa namba moja kama nisingekuwa nshaipenda ile nyengine.

Ya tatu si mazabodi, ni ujanja. Chukua CPU yenye grafiki ndani, mfano Ryzen 5 5600G, usiweke kadi ya grafiki kabisa, halafu UAD yako iweke kwenye sloti kubwa ya juu. Kadi ya x1 inakaa ndani ya sloti ya x16 bila tatizo lolote. Hapo hata mazabodi ya chipseti ya A520 ya bei ya chini inakutosha. Basi, wa bei nafuu hayo ndo yenu.

Mini-ITX msiniulize, ina sloti moja.

Mwenye kadi za zamani za PCI, mfumo uliotangulia PCIe, zile kadi za DSP za UAD-1 na PowerCore, huyo ni habari nyengine. Intel waliiondoa PCI yenyewe kwenye chipseti zao nyingi kuanzia 2011, watengenezaji wakawa wanaweka chipu ya daraja katikati, na hizo daraja na kadi za sauti mara nyingi hazipatani, unapata mikwaruzo mpaka unadhani ni waya. Tafuta mazabodi ya chipseti ya Q77 au B75, hizo PCI bado ni ya chipseti. Dell OptiPlex 7010 ile ndefu, iliyotoka ofisini, ina Q77 na sloti moja ya PCI, zimejaa mjini. Draiva za kadi hizo lakini zimekomea Windows za zamani, kwa hiyo hiyo mashine usiiunge na intaneti, iwe ya kazi hiyo tu.

Ukienda dukani nenda na simu. Washa tochi, mulika ndani ya sloti ndefu ya chini, angalia meno ya shaba. Sloti ya x16 ya kweli ina meno toka mwanzo mpaka mwisho, ile ya uongo inayofanya kazi kama x4 nyingi zake meno yanaishia karibu na mwanzo halafu plastiki tupu. Kwa UAD hata x1 inatosha, lakini hapo unapata dalili sloti gani ni ya CPU na ipi ni ya chipseti bila kumuuliza mtu, uhakika uko kwenye kitabu. Ukiwa unamulika angalia na rangi, shaba ikianza kuwa kijani hiyo imekaa na upepo wa bahari na hakuna aliyeifunika, iache.

Na hapa lazima niseme. Kwa nini kila tangazo "bei njoo inbox"? Unakwenda inbox, unaambiwa dola, unauliza kwa shilingi, unapewa dola ya siku ambayo haijafika bado. Nlimuuliza mmoja anipigie picha kitabu ukurasa wa sloti, kanitumia picha ya boksi, mara tatu, pembe tatu tofauti. Mwengine kaniuzia "mpya" ina pesti ya CPU imekaukia pembeni ya soketi, na bati la nyuma la kuzibia matundu halipo, nkimuuliza anasema hilo linauzwa mbali. Bati! Kwetu usipoweka bati siku ya pili mjusi kashaingia, mie nshamtoa mmoja kwenye feni, sitaki kukumbuka. Nauli ya boti kutoka Dar wanakuhesabia kama umebebewa kabati. Ndo maana siku hizi namsubiri mtu wa Dubai, hata mwezi, nampa jina kamili la modeli kwenye karatasi na namwambia asikubali "inafanana na hiyo".

Yule kijana wa Chake nlimwambia atoe SSD ya pili kwanza kabla hajafanya chochote. Baada ya nusu saa kanitumia picha ya skrini, kadi imeonekana, Octo, chipu zote nane. Kaniuliza sasa SSD aiweke wapi. Nkamwambia anunue ya SATA, halafu asome kinyota cha SATA pia, maana mazabodi nyengine M.2 inazima na hizo.

Ile mazabodi yangu ya mwanzo sikuiuza, nani nimdanganye. Iko chumba cha wanangu, wanachezea mpira humo, M.2 zote mbili zimejaa magemu, sloti ya chini imelala na wala hawajui.