Jamaa wa rimoti alituharibia John Wick

Kama hujaona John Wick ile ya kwanza ya 2014, tafadhali usiende kuionea kwa hiki kibanda cha video hapa Kondele, Kisumu. Nimetoa mbao yangu (shilingi ishirini) mlangoni, nimeleta na maboyz wangu ambao hawajawahi kuiona, muvi inaanza tu, jamaa wa rimoti anaifowadi. Anapita mazishi ya Helen, mke wa John, anapita barua, anapita kale kambwa ambako huyo mke alipanga kaletwe baada ya yeye kufa ndiyo mumewe asibaki pekee yake, anakuja kusimamisha pale wezi wanaingia nyumbani usiku. Nikamwambia omera, rudisha nyuma, muvi yenyewe iko hapo. Anatafuna miwa, hata haniangalii, ananiambia hapa watu wanakuja kuona bunduki, mambo ya kulia peleka kwako. Kwako! Na nimelipa!

Sasa maboyz wakaanza kuniuliza, yaani watu wote hawa wanakufa juu ya mbwa? Si juu ya mbwa jamani, huyo mbwa ndiye kitu cha mwisho Helen alimwachia, na ukiangalia ile damu sakafuni unaona alijikokota mpaka kwa John akafia kando yake. Ukitoa hiyo, John akivunja simiti na nyundo atoe silaha na zile koini za dhahabu, unaona tu fundi wa mjengo.

Lakini wacha niseme ukweli, ile simu ya Viggo, yule bosi wa genge, akiambiwa kijana wake ameiba gari ya John Wick na kuua mbwa wake, vile mzee anaishiwa maneno, kibanda chote kilinyamaza, hata wenye hawakujua chochote. Na kufika kwa klabu ya Red Circle nilikuwa nimesahau matusi yote niliyopanga. Zile taa, ile suti, Keanu Reeves, yule anaigiza John, anaangusha mtu na judo na kummaliza na bastola hapo hapo, risasi zikiisha anajaza tena kama binadamu. Chad Stahelski aliyeiongoza ndiye alikuwa anamfanyia Keanu stanti kwa The Matrix, ndiyo maana kamera haikatikatiki ovyo, unaona mwili mzima ukifanya kazi. Na spika za hicho kibanda, aki, risasi unaisikia kwa kifua.

Basi nendeni, lakini mwanzo muuone kwa simu kwanza. Ya pili wakiweka nitakuwa hapo, benchi ya mbele, karibu na hiyo rimoti, na yule jamaa akiigusa tutakosana vibaya.