Uzoefu wangu na Spotless kwenye Gradle: bila ratchetFrom ningeshaitoa

Kama timu yenu bado mnabishana kwenye PR (ombi la kuingiza kodi yako kwenye mradi) kuhusu kuanza mstari kwa nafasi 2 au 4 na bano likae mstari gani, Spotless inamaliza hayo makelele, hilo halina ubishi. Ila mi nataka niongelee kuiweka kwenye mradi wa zamani wenye mafaili kibao, maana huko ndo wengi wanaishia kuitoa kabla hata hawajaizoea.

Kwa asiyeijua, ni plagini ya DiffPlug, ipo ya Gradle na ya Maven, zana za kujenga (kubildi) miradi ya Java. Yenyewe kazi yake kubwa ni kuita fomata (programu inayopanga mwonekano wa kodi) unayoitaka we mwenyewe: google-java-format, palantir-java-format, ya Eclipse, ktlint kwa watu wa Kotlin, hata Prettier. Unaweka id com.diffplug.spotless, unafungua bloku ya spotless, ndani yake java, unaandika googleJavaFormat(), imeisha. Hakikisha tu mavenCentral() ipo kwenye repositories, maana fomata inashushwa kutoka huko mara ya kwanza, kwahiyo usijaribu siku bando limekata.

Unapata amri mbili, spotlessCheck inakagua tu bila kugusa kitu na spotlessApply inaandika upya mafaili. Sasa angalia hapa, spotlessCheck inajiunga bila kuombwa kwenye check, kazi ya ukaguzi ya Gradle ambayo build inaiita ila assemble haiiti, ndo maana ./gradlew assemble inapita freshi alafu ./gradlew build inagoma, mtu anaanza kutafuta mchawi kwenye kodi yake kumbe ni nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Nzuri ni kwamba meseji ya kosa inakuonyesha mistari yenyewe na inakupa kabisa amri ya kurekebisha, hata mgeni kwenye timu haulizi mtu. Kuna enforceCheck false ya kuzima hiyo tabia, mi siipendi, ukaguzi unaosubiri watu wakumbuke kuuendesha si ukaguzi.

Haya, utamu wenyewe. Ukiendesha spotlessApply kwenye mradi wa zamani inabadilisha karibu kila faili, kila mwenye tawi wazi anapata konflikti, na git blame (amri inayoonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho) yote inasoma jina lako, mpaka kodi iliyoandikwa kabla hujaajiriwa. Dawa ni mstari mmoja, ratchetFrom 'origin/main'. Hapo Spotless inalinganisha na tawi la main, inashughulika na mafaili yaliyobadilika tu, mengine inayaacha yalale. Mradi unanyooka pole pole kadri watu wanavyofanya kazi zao za kawaida na hakuna haja ya kutangaza siku ya kusimamisha kila kitu. Kwangu hii ndo sababu ya kuchagua Spotless badala ya kuita fomata kwa skripti, maana kupanga kodi tu hata IDE inaweza.

Lakini jueni, inapima kwa faili sio kwa mstari. Ukigusa mstari mmoja kwenye klasi ya mistari elfu mbili, klasi yote inapangwa upya na anayekagua PR haoni ulichobadilisha, anaona bahari ya rangi nyekundu na kijani. Sisi tumekubaliana hivi: komiti ya kwanza ni ya kupanga peke yake, ya pili ndo ina kazi, na namba ya ile ya kwanza inaingia kwenye .git-blame-ignore-revs (Git inasoma faili kama hiyo kuanzia toleo 2.23, unaiambia kwa blame.ignoreRevsFile), sharti tu hizo komiti zisibanwe kuwa moja wakati wa kumerji. Inachosha kidogo, nakubali.

Na kwenye CI (seva inayobildi na kukagua kodi yenyewe kila inapotumwa), kama seva inavuta komiti ya mwisho tu, ratchetFrom haitaiona origin/main na bildi itafeli hata kama kodi ni safi kama pamba. Kwa wa GitHub Actions weka fetch-depth: 0 kwenye checkout.

Upande wa mtindo, google-java-format haina mipangilio mingi na wameifanya hivyo makusudi: nafasi 2, mstari mwisho herufi 100, ukitaka nafasi 4 unaongeza aosp(). Sisi tuliishia kwa Palantir, nafasi 4 na herufi 120, lambda zake zinasomeka vizuri zaidi kwa macho yangu. Mtaka kuchagua kila kitu aende ya Eclipse na faili lake la XML, ila hapo mmerudisha ubishi ndani ya nyumba. Yoyote mtakayochagua andikeni toleo kabisa kwenye mabano, la sivyo siku mkipandisha plagini fomata nayo inaweza kupanda na mafaili yakabadilika bila mtu kugusa kitu.

Kuna sehemu hutaki iguswe, mfano kwerii ndefu ya SQL uliyoipanga kwa mkono? Washa toggleOffOn() alafu izungushie // spotless:off na // spotless:on. Kwetu PR yenye off mpya lazima mtu aeleze kwanini, maana wavivu wameshaanza kuipenda.

Watu wa Maven mambo ni yale yale, mvn spotless:apply na mvn spotless:check, ila hiyo check lazima muitaje kwenye executions ndo iingie kwenye verify (hatua ya ukaguzi ya Maven), isipotajwa bildi inapita kimya kama vile plagini haipo.