Riwaya mpya za kununulia maktaba: geuza kitabu, tazama mgongo

Bibi mmoja alirudisha This Mournable Body ya Tsitsi Dangarembga akiwa hajafika hata nusu. "Mwanangu, mbona ni kama nimeingia kwenye mazungumzo ya watu?" Hakukosea. Riwaya hiyo ya 2018, iliyofika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 2020, ni ya tatu katika maisha ya mhusika mkuu, Tambudzai. Nervous Conditions ilitoka 1988, The Book of Not ikafuata 2006. Nakala aliyoazima haikuwa na namba yoyote mgongoni, na ukiongeza kwamba simulizi nzima inamwita mhusika "wewe", msomaji wa watu anaduwaa tangu ukurasa wa kwanza.

Malalamiko ya namna hiyo hayaishi, ndiyo maana mwongozo huu haupangi vitabu kwa tuzo, nyota za wahakiki wala ubora wa karatasi. Hayo mnayajua. Mimi nauliza swali moja tu: mtu aliyesimama mbele ya rafu, mkoba begani, atajuaje kwamba anachukua juzuu ya pili?

Nafasi ya kwanza naipa On the Calculation of Volume ya Solvej Balle, mwandishi wa Denmark, na sioni haya kusema nawapendelea Faber, wanaoichapisha Uingereza. Ni mfululizo wa juzuu saba na namba imo ndani ya jina lenyewe: I, II, III. Huwezi kupotea hata ukitaka. Najua namba aliiweka mwandishi, si wao, lakini nimeona wachapishaji wanaoficha namba ili kila kitabu kionekane kipya, kwa hiyo asiyeificha nampa heshima yake. Tara Selter, muuzaji wa vitabu vya kale, amekwama kwenye tarehe 18 Novemba. Kila akiamka ni siku ileile. Juzuu ya kwanza ilifika orodha fupi ya Booker ya Kimataifa mwaka 2025. Nunua I na II kwa pamoja, maana anayemaliza ya kwanza hatasubiri bajeti yako ya mwaka ujao.

Ya pili ni riwaya inayojitegemea, na hapa sina maneno mengi: Orbital ya Samantha Harvey, mshindi wa Booker 2024. Watu sita kwenye kituo cha anga, siku moja, mizunguko 16 kuizunguka dunia, kurasa hazifiki 150. Inaazimwa Ijumaa, inarudi Jumatatu, foleni inasogea.

Ya tatu ni mfululizo unaosomeka kuanzia popote. Marilynne Robinson alitoa Gilead mwaka 2004, kisha Home, Lila, na Jack mwaka 2020. Home inapita majira yaleyale ya Gilead, ila safari hii tumo ndani ya nyumba ya jirani. Anayeanza na yoyote hatadhurika.

Nafasi ya nne ina kitabu kizuri kuliko nafasi yake. N. K. Jemisin alishinda Hugo, tuzo ya riwaya za kisayansi na za kufikirika, miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, kwa juzuu tatu za Broken Earth. Lakini ukimpa mtu The Obelisk Gate kabla ya The Fifth Season umemtupa kwenye majivu bila ramani. Na juzuu ya kwanza ndiyo inayoazimwa zaidi, ndiyo inayochakaa, ndiyo inayopotea. Ikipotea, zile mbili zilizobaki zinakaa rafuni kama viatu vya mguu mmoja. Mimi hununua nakala mbili za juzuu ya kwanza kwa kila nakala moja ya zinazofuata. Kama bajeti hairuhusu, usianze kabisa.

Maboksi ya vitabu vilivyotumika? Rahisi, ndiyo. Utapata juzuu ya tatu peke yake.

Sasa wauzaji. Ukurasa wa bidhaa unakuambia uzito wa kitabu kwa gramu, lakini kwamba ni cha pili katika vitatu utakipekua hadi chini kabisa, kama kimeandikwa. Katikati ya mfululizo wanabadilisha jalada, seti yako inaonekana ya familia mbili. Wanakuuzia seti ndani ya boksi gumu ambalo maktaba italitupa siku hiyohiyo, na boksi umelilipia. Halafu kuna majina mawili kwa kitabu kimoja: riwaya ya Stuart Turton ya 2018 ni The Seven Deaths of Evelyn Hardcastle Uingereza, na Marekani vifo vimekuwa saba na nusu. Muuzaji mmoja alinipendekezea zote mbili kwenye oda moja.

Mpaka watakapojirekebisha, kata kijikaratasi, andika namba ya juzuu kwa kalamu isiyofutika, kibandike mgongoni juu ya lebo ya rafu. Fanya hivyo kabla ya kuvalisha kitabu plastiki, siyo baada, vinginevyo watoto watakibandua. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika kiwandani, kwa wino uleule waliotumia kuandika jalada zima kwamba kitabu hiki kimeuzwa kuliko vyote.