Ampli ya mfukoni ya dola 45: kaske moja imeamka, ekuta hazikufaidika

Nianze na jibu, maana rafiki zangu wengi wa Lubumbashi wananiuliza kabla ya kutoa pesa. Ampli (kikuza sauti) ndogo ya bei nafuu inaipa nguvu kaske, yaani vipokea sauti vikubwa vya kufunika masikio. Muziki wenyewe inauacha ulivyo. Kama kaske yako inadai nguvu nyingi, utafurahi sana. Kama unasikiliza kwa ekuta ndogo za simu, zile za kuchomeka sikioni, kaa na pesa zako.

Yangu niliinunua mjini, kwa muuzaji wa chaja na vifuniko vya simu. Ni ya Kichina, bapa, unaifunga nyuma ya kicheza muziki kwa mipira miwili. Umbo hilo wengi walilizoea kupitia FiiO, kampuni ya Guangzhou iliyoanza mwaka 2007. Hii ya kwangu inafanana nazo ila haina jina la kujulikana. "Yaya, weka tu hii, muziki wote utabadilika," muuzaji aliniambia. Kicheza muziki changu ni iPod Classic ambayo baba mdogo alinitumia kutoka Ubelgiji, na kaske ni Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 250, niliyouziwa na fundi wa studio moja ya Kamalondo alipopata mpya.

Hizo ohm 250 ndizo habari yote: ohm ni ukinzani wa umeme, na zikiwa nyingi kaske inadai volti nyingi. Vicheza muziki vilivyouzwa Ulaya vimewekewa mpaka wa sauti ili kulinda masikio, kwa hiyo volti inayotoka ni ndogo. Nilienda kwa fundi wa redio mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, tukapiga mlio wa hezi 100 na kupima kwenye tundu kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. (Tulichagua hezi 100 kwa sababu multimita za kawaida hazisomi vizuri milio ya juu, zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa nyumbani.) iPod ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho ilitoa karibu nusu volti. Ampli ilifika volti moja na robo kabla mlio haujaanza kukwaruza.

Piga hesabu uone. Nusu volti kwenye ekuta za ohm 16 ni karibu miliwati 16, na hapo masikio yanaomba huruma. Nusu volti hiyohiyo kwenye ohm 250 ni miliwati 1 tu. Volti moja na robo inakupa miliwati 6 na kitu, yaani karibu desibeli 8 (kipimo cha ukubwa wa sauti) za ziada.

Desibeli 8 nimezisikia wapi? Kwenye rumba ya zamani. Nyimbo mpya zinarekodiwa kwa sauti iliyobanwa mpaka juu, hata iPod peke yake inazimudu. Lakini rekodi za miaka ya 60 na 70, zilizotolewa kwenye santuri, ziko chini sana: sauti ya mwimbaji iko mbali, na sebene, ile sehemu ya kasi ya magitaa na kucheza, ikianza ndipo unapotaka kuongeza na hakuna pa kuongeza. Kwa ampli nafika pale ninapotaka. Besi inatembea, mi-solo, gitaa la kati, naifuata peke yake katikati ya gitaa la solo na lile la akompa (la kusindikiza), na ngoma zina ngozi. Kwa mtu aliyekua na muziki huu nyumbani, hilo ni jambo kubwa, na kwa hilo tu pesa yangu imerudi.

Ila nilitaka kujua kama uzuri huo unatoka kwenye sauti kuwa kubwa tu. Sikio letu linapenda kilicho juu kidogo na kukiita kizuri. Basi tulisawazisha volti kwa multimita, mdogo wangu akawa anabadilisha waya nyuma yangu bila kusema. Sauti zikiwa sawa, sikuweza kutofautisha iPod peke yake na iPod yenye ampli. Yeye pia hakuweza, na ana masikio mazuri kuliko yangu.

Kwa ekuta ndogo mambo yaligeuka. Ukiwasha ampli tu, kabla ya wimbo, unasikia "shhh" chini kwa chini. Halafu kitufe cha sauti kikiwa mwanzoni kabisa, sikio la kushoto linatangulia la kulia; vitufe vya bei ndogo huwa hivyo, pande mbili hazilingani mpaka uzungushe kidogo, na ukishazungusha ekuta tayari zinapiga kelele. Hapo ampli imeharibu kitu kilichokuwa sawa.

Na zile mp3 tunazojaziwa kwenye flashi kwa franka chache, zimebanwa mpaka kbps 128 (kiasi cha data kwa sekunde). Sehemu ya milio ya juu imeshakatwa, ampli haitairudisha. Itakukuzia kasoro zake tu.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: waya. Ukichomeka ampli kwenye tundu la kaske la iPod, sauti inapita kwanza kwenye ampli ya ndani na mpaka wake, kisha ya nje. Ukitumia waya wa tundu pana la chini, lile la pini 30, unachukua sauti kabla ya hapo, na sauti unaipanga kwenye ampli peke yake. Niliuagiza pamoja na mzigo wa jirani anayeleta bidhaa kutoka China. Njia hii mlio wa chinichini ulipungua.

Betri inavumilia safari ya Kolwezi kwenda na kurudi, na delestaji, mgao wa umeme, ikitukuta usiku naendelea kusikiliza. Simu ikae mbali nayo kidogo, la sivyo utasikia "trrr trrr" kabla ya kila ujumbe. Na kwa kuwa ule mpaka wa sauti wa Ulaya sasa umeondoka, mimi husimama nusu ya kitufe: Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma.

Mwenye dola 45 na ekuta za kawaida, anunue kaske nzuri ya ohm 32. Itapigwa na simu yake bila msaada, na tofauti ataisikia siku hiyohiyo.