Ukifika Hema ya Kukutania ya Timna, Ifuate Damu

Kusini kabisa mwa Israeli, kiasi cha kilomita 30 kaskazini mwa Eilat, ndani ya Hifadhi ya Timna imesimamishwa modeli ya hema ya kukutania, ile hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, kwa vipimo vya kitabu cha Kutoka. Kwa upande wa vipimo ni kazi nzuri mno. Ua ni dhiraa 100 kwa 50, yaani takriban mita 45 kwa 22. Hema yenyewe ni dhiraa 30 kwa 10, na nyuma ya pazia kuna chumba cha dhiraa 10 kila upande, mita nne na nusu tu. Aliyezoea kuwaza jengo kubwa hushtuka kuona patakatifu pa patakatifu palivyokuwa padogo. Dhahabu, fedha na shaba si halisi, na wenyeji wanalisema hilo waziwazi.

Shida inakuja kwenye upatanisho. Vyombo vimetulia mahali pake na mgeni huelezwa kimoja baada ya kingine: madhabahu, birika, kinara, meza, sanduku. Ibada ya Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa saba, haikutulia hivyo. Ilikuwa mwendo, na maana yake imo katika mwendo huo. Kwa hiyo soma Walawi 16 kabla ya kuingia, kisha utembee kwa mpangilio wake.

Anzia kwenye madhabahu ya kuteketeza. Kuhani mkuu ameshaoga na kuvaa kitani kitupu: kanzu, suruali, mshipi, kilemba. Hapo ndipo sanamu ya kuhani iliyomo humo inapoweza kukupoteza, maana imevikwa mavazi ya utukufu yenye kifuko cha kifuani. Siku hiyo hakuingia nayo nyuma ya pazia. Anachinja ng'ombe dume kwa ajili ya dhambi yake na ya nyumba yake. Kabla ya damu, hupeleka ndani chetezo cha makaa kutoka madhabahuni na konzi mbili za uvumba uliosagwa laini, ili wingu lifunike kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, asije akafa. Wengi huruka hatua hii, ingawa sura nzima inafunguliwa kwa kukumbusha vifo vya wana wawili wa Haruni waliokaribia isivyopasa.

Ndipo damu. Hunyunyiza kwa kidole upande wa mashariki wa kiti cha rehema, yaani upande wa mbele, kwa kuwa mlango wa hema unatazama mashariki. Kisha mara saba mbele yake. Baadaye hufanya vivyo hivyo kwa damu ya mbuzi wa watu, yule kati ya mbuzi wawili aliyeangukiwa na kura ya BWANA. Halafu anatoka nje na kuipaka damu ya wote wawili kwenye pembe za madhabahu, na kuinyunyiza juu yake mara saba. Angalia alikoanzia: ndani kabisa, akija nje. Na angalia kisichopakwa damu: mtu hata mmoja. Mstari wa 16 unasema anafanya upatanisho kwa ajili ya mahali patakatifu, kwa sababu ya uchafu wa wana wa Israeli. Jacob Milgrom, mtaalamu mkubwa wa Walawi, alilishikilia jambo hili: dhambi za watu huchafua makao ya Mungu, na damu, ambayo ndiyo uhai, huyasafisha ili aendelee kukaa kati yao. Anayeeleza sadaka hii kama adhabu tu ameliacha jambo kubwa zaidi.

Mbuzi wa pili ndiye hubeba maovu. Kuhani huweka mikono yote miwili kichwani pake, wakati katika sadaka ya dhambi ya kawaida huwekwa mkono mmoja, na huungama. Mbuzi huyo hachinjwi. Hupelekwa hai jangwani kwa Azazeli, jina ambalo maana yake inabishaniwa. (Habari ya kusukumwa kwenye genge imo katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, haimo katika Torati.) Ukisikia kiongozi wa kikundi akisimulia kamba iliyofungwa mguuni pa kuhani ili avutwe nje akifia ndani, jua kwamba hiyo ni hadithi ya zama za kati: haimo katika Biblia wala Mishna.

Kwa vikundi vya mahujaji kutoka Kenya na Tanzania, safari nyingi huishia Yerusalemu na Galilaya. Timna iko zaidi ya saa tatu kwa basi kutoka Yerusalemu, kwa hiyo ombeni iwekwe kwenye ratiba mapema. Fikeni asubuhi, kwani joto la bonde la Araba, ilimo hifadhi hiyo, ni kali, na hifadhi ni pana, haitembeleki kwa miguu tu. Msiliruke hekalu dogo la Hathor, mungu mke wa Misri: hapo mwanaakiolojia Beno Rothenberg alifukua nyoka wa shaba mwenye kichwa kilichopakwa dhahabu, pamoja na mabaki ya kitambaa chekundu na cha manjano ambayo aliyaona kuwa ya hema ya ibada.