Avid BB7: breki ya waya inayofaa milimani

Anayeendesha baiskeli milimani kutwa nzima peke yake, mifuko ikiwa nyuma, anahitaji breki ambayo ikianza kulegea katikati ya mteremko ataikaza mwenyewe kwa vidole. Kwa kazi hiyo Avid BB7 ni breki nzuri sana, na kwa safari ya namna hii naipendekeza kuliko breki nyingi za mafuta, yaani zinazosukumwa kwa mafuta badala ya waya. Lakini ina masharti yake, na malalamiko mengi juu yake yanatokana na kuyapuuza.

BB7 ni breki ya diski inayovutwa kwa waya. Pedi ya nje husukumwa na mkono mdogo ulio kwenye kalipa, yaani kifaa kinachobeba pedi na kuibana diski. Ya ndani, upande wa spoku, haisogei kabisa unapovuta breki: diski ndiyo inayopinda kidogo mpaka kuigusa. Kwa hiyo pedi ya ndani ikae karibu mno na diski bila kuigusa. Ukiiacha mbali, nguvu ya vidole vyako inaishia kupinda diski, na mkono wa breki unafika kwenye usukani kabla baiskeli haijasimama.

Kila pedi ina kifundo chake chekundu cha kuisogeza, na hapo ndipo BB7 inapozipita breki nyingi za waya, ambazo pedi moja tu ndiyo hurekebishwa kwa vidole. Kuifunga: legeza bolti mbili za kalipa kwa spana ya L ya milimita 5, kaza vifundo vyote viwili mpaka pedi ziibane diski, kisha kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 8 hadi 10. Washa zake zenye uso wa mviringo huiacha kalipa ijilaze sawa na diski hata kama pa kufungia pameenda upande kidogo. Mwisho rudisha vifundo, mlio mmoja wa "klik" baada ya mwingine, mpaka gurudumu lizunguke bila kukwaruza.

Pedi zikiisha, kaza vifundo. Usikaze waya! Waya ukikazwa, mkono wa kalipa unaanza safari yake ukiwa tayari umeshapanda, na breki inapoteza nguvu huku kwa vidole ikihisi ngumu na salama. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote kwenye BB7, kwa sababu hulioni mpaka uwe kwenye mteremko mkali.

Sasa joto. Mwendeshaji, baiskeli na mizigo vyenye jumla ya kilo 100 vikishuka mita 1,000 hutoa nishati ya takriban kilojuli 980, na yote lazima iishie mahali. Kwenye mteremko wa asilimia 8, ukishikilia breki ili ubaki kilomita 20 kwa saa, sehemu kubwa yake inaingia kwenye diski. Ukiachia mpaka kilomita 50 kwa saa, upepo unabeba karibu yote. Basi pale barabara inapoonekana mbali na lami ni kavu, achia, kisha shika kwa nguvu breki zote mbili kabla ya kona, uachie tena diski zipoe. Kuburuza breki taratibu mlima mzima kunachoma pedi: uso wake unang'aa kama kioo na breki haishiki tena. BB7 haina mafuta ya kuchemka, kwa hiyo mkono wa breki hauzami ghafla, ila pedi iliyoungua haisaidii chochote. Kwa mizigo, chagua pedi za metali. Zinapiga kelele zaidi lakini zinavumilia joto na mvua.

Pedi mpya zizoeshwe kabla ya safari: mara 20 kutoka mwendo wa wastani hadi mwendo wa mtembea kwa miguu, kisha mara 10 kutoka mwendo wa kasi, bila kufunga gurudumu. Zibadilishe pindi unene wa pedi pamoja na bati lake unaposhuka chini ya milimita 3. Mafuta ya cheni yakidondokea diski, ifute kwa spiriti safi. Pedi iliyokunywa mafuta ni ya kutupa.

Kasoro zipo. Kifundo cha ndani kimejificha nyuma ya spoku, na tope likikauka humo kinagoma. Zungusha vifundo vyote mara kwa mara, na kikikataa tumia spana ya toksi T25, yenye ncha ya nyota, kwenye tundu lake la katikati. Kava la waya la kawaida, lenye chuma kilichoviringwa, hujibana unapovuta na kula nguvu, kwa hiyo weka lenye nyuzi za chuma zilizonyooka. Safarini chukua waya mmoja wa akiba, jozi moja ya pedi, T25 na spana ya milimita 5. Hiyo T25 hukaza pia bolti sita za diski, Nm 6.2.

Unaponunua, angalia usukani wako kwanza. BB7 ziko za aina mbili: ya usukani ulionyooka huhitaji mkono wa breki unaovuta waya kwa urefu zaidi, ya usukani wa pembe (uliopinda kuelekea chini) huhitaji unaovuta waya kidogo. Ukizichanganya, ama breki itakuwa ngumu kama jiwe bila kushika, ama mkono utagonga usukani, na hakuna kifundo kitakachorekebisha hilo.